Nilimpa Mwalimu Wangu Uziwi

Kama hukuwa nami wiki iliyopita, hukukosa lolote la kunisifia.

Kwa kifupi: mume wangu ni fundi rangi. Alianguka kutoka kwenye ngazi, mkono ukavunjika, kazi ikasimama. Mimi nafundisha piano hapa sebuleni kwetu. Walimu wa muziki wa mji huu tulikuwa tumekaa kikao tukakubaliana bei moja ya somo la nyumbani, ili tusigombanie wanafunzi kama kuku wanaogombania punje. Wa kwanza kuunga mkono nilikuwa mimi. Wa kwanza kuvunja nilikuwa mimi pia.

Nilivunja kwa ajili ya Mama Pacha. Huyu ni mfanyabiashara wa vitambaa, na kwa ulimi alionao anaweza kumuuzia samaki mwavuli. Alikuja na mapacha wake wawili, akaomba nusu bei. Nikampa.

"Lakini iwe siri," nikamwambia.

"Mwalimu, mimi ni kaburi."

Kumbe ni kaburi lenye madirisha. Haukupita muda sebule yangu ikajaa watoto wa mashoga zake, wote nusu bei.

Wiki iliyopita niliishia hapo. Kuna jambo sikulisema kwa sababu niliona haya. Nilijua wale watoto wanatoka kwa nani.

Niliwajua kwa mikono yao. Siku ya kwanza, kabla sijafungua mdomo, wale mapacha walikaa, wakainua viganja, wakakunja vidole taratibu kama mtu aliyeshika yai bichi. Mji mzima hakuna anayefundisha hivyo isipokuwa Mwalimu wangu. Hata mimi nashika hivyohivyo.

Mwalimu alinipokea nikiwa mdogo, miguu yangu inaning'inia kwenye kiti. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Mama alipouliza bei ya somo, Mwalimu alimjibu, "Lipa unachoweza." Alichoweza mama kilikuwa kufua mapazia ya nyumba ile. Akayafua miaka yote niliyosoma, na Mwalimu hakuwahi kumwambia kuwa mapazia hayakuwa machafu.

Huyo ndiye niliyekuwa namnyang'anya tonge. Nilijua, na nikaendelea.

Sasa sikieni yaliyofuata.

Ilikuwa alasiri, saa ambayo sina mwanafunzi. Nikasikia hodi. Mume wangu akafungua mlango kwa mkono wake mzima, na Mwalimu akaingia amevaa koti lake la vikao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Nipo, mzee," mume wangu akajibu. "Siku hizi napaka rangi kwa mdomo tu. Nakaa hapa nawakosoa wenzangu."

Mwalimu akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akasema, "Baba, naomba nikuibie mke dakika chache." Mume wangu akatoka uani.

Nikajua leo ndiyo leo.

"Mwanangu," Mwalimu akaanza, "wanafunzi wananikimbia."

"Wananikimbia" lile lilinipiga kifuani.

"Labda ni bei, Mwalimu."

Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani kuna upande wangu mmoja uliokuwa umechoka, ukataka kukamatwa.

"Bei gani? Bei ni moja kwa wote. Tulikubaliana, na wewe ndiye uliyeanza kunyoosha mkono. Mzazi hawezi kukimbia bei ambayo ataikuta ileile mlango wa pili. Anachokimbia ni mwalimu."

Yale makubaliano tuliyoyafanya ili yamlinde ndiyo yaliyomfanya ajihukumu.

"Nimejipekua," akaendelea. "Sijawa mkali kuliko zamani. Sichelewi. Sinusi pombe. Nimebakiwa na kitu kimoja tu cha kukishuku." Akagusa sikio lake. "Nadhani masikio yanakufa. Mtoto akikosea noti na mwalimu asisikie, mzazi aliyekaa pale kwenye kochi atasikia. Na mzazi hasemi. Anamtoa mtoto kimyakimya."

"Mwalimu, huna tatizo la masikio."

"Umejuaje? Nipime. Mke wangu nikimwambia atalia. Tarumbeta nikimwambia atatangaza."

Tarumbeta ni mwenyekiti wetu. Anafundisha tarumbeta, na hata akinong'ona, ng'ambo ya barabara wanasikia.

Mwalimu akageuza kiti, akaelekea ukutani, akanipa mgongo. Akaweka mikono magotini kama mtoto aliyeletwa kwa daktari. Nami nikakaa kwenye piano.

Nikabonyeza.

"Do," akasema.

Nyingine.

"Fa. Inayofuata usiipige kwa nguvu, naumwa na woga."

Nyingine.

"Mi. Lakini mi yako imelegea, mwanangu. Mwite fundi."

Ni kweli ilikuwa imelegea. Mimi ninayekaa nayo kila siku nilikuwa nimeshaizoea.

Nikabonyeza mbili pamoja, akazitaja. Nikabonyeza tatu, polepole kama mtu anayegusa maji ya moto. Akazitaja zote, kuanzia ya chini kwenda juu. Mabega yake yakaanza kushuka. Alikuwa anapumua sasa.

Hapo nilitakiwa nicheke na kusema, "Mwalimu, masikio yako ni mazima, nenda nyumbani ukale." Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Yeye akaniwahi.

"Haya, mbona nasikia!" akasema, furaha imemjaa. "Basi kama si masikio, ni kitu kingine, na nitakijua. Nitawafuata wazazi mmoja mmoja niwaulize uso kwa uso. Kesho naanza na yule mama wa mapacha."



Nilimwona Mama Pacha akimfungulia mlango. Nikausikia ule ulimi wake ukifunguka. Nikaiona sebule yangu tupu, mume wangu na mkono wake uliofungwa kwenye kitambaa shingoni, na Tarumbeta akilitangaza jina langu mtaa kwa mtaa.

Nikabonyeza noti ya la.

"La," akasema Mwalimu.

Sikujibu.

"La," akarudia.

"Mwalimu," nikasema, na sauti ilikuwa yangu, siwezi kumsingizia shetani. "Jaribu tena."

Nikabonyeza ileile.

"Si la?" Akainamisha kichwa. "Ni... Hebu tena." Nikabonyeza tena. "Mimi naisikia la, mwanangu."

"Ni so, Mwalimu."

Hakugeuka. Angegeuka tu, angekiona kidole changu kilipo. Lakini mtu mzima yule aliniamini kiasi kwamba hakuona haja ya kugeuza shingo.

"Nyingine," akasema taratibu.

Nikabonyeza nyingine. Akaitaja sawasawa. Nikamwambia amekosea.

Mgongo wake ulinywea mbele yangu. Akasimama, akakirudisha kiti mahali pake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, mwanangu. Mwingine angenificha."

Mlangoni alipapasa kizingiti kwa mguu kabla ya kukivuka. Nilimpa uziwi, lakini alitoka kwangu anatembea kama kipofu.

Kikao cha walimu tulikifanya kwenye darasa la kuazima, tumebanwa kwenye madawati ya watoto. Tarumbeta alisimama mbele, hakuhitaji kugonga meza.

"NDUGU ZANGU! KUNA MTU ANAVUNJA BEI!"

"Tunakusikia, mwenyekiti, tupo hapahapa," akajibu Binti wa Gitaa.

Huyu ndiye mdogo kuliko wote kwenye chama, na wanawake tuko wawili tu, mimi na yeye. Hana nyumba ya kufundishia. Anabeba gitaa mgongoni na kuwafuata wanafunzi kwao.

"Nami nina neno," akaendelea. "Hii bei moja tuliiita ya haki, lakini haki ya nani? Nyinyi mnafuatwa. Mimi natembea mpaka soli zinaisha, nikifika naambiwa mtoto amelala. Ile saa ya njiani nani anailipa?"

"Kwa hiyo unataka upandishe?" Tarumbeta akauliza.

"Nataka tuongee. Na kuna mzazi kweli hana. Huyo naye tumfungie mlango kwa sababu ya bei ya chama?"

"Ahaa!" Tarumbeta akamnyooshea kidole. "Kumbe wewe ni mtu wa kupunguza!"

"Nimesema tuongee, sijasema nimepunguza!"

Makelele yakazuka. Kila mtu akawa na bei yake mdomoni. Mimi nilikuwa nakwangua rangi ya dawati kwa ukucha.

Mwalimu akasimama. Darasa likatulia lenyewe, maana nusu ya waliokuwemo walipita mikononi mwake.

"Wanangu, somo likiwa rahisi mno mtoto hafanyi mazoezi, kwa sababu hakuna anayemuuliza. Likiwa ghali mno anafanya mazoezi huku analia, kwa sababu mzazi amemsimamia kama askari jela. Bei ya haki ni ile ambayo mzazi akikutana nawe njiani hakwepi, na wewe hukwepi. Mkiipata hiyo, iandikeni. Binti yetu wa gitaa ana hoja, msimzomee."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Lakini mimi sitakuwepo kuiandika. Masikio yangu yameisha. Mtu asiyesikia akichukua bei kamili, huo ni wizi. Mimi si mwizi. Nimeacha kufundisha."

Hata Tarumbeta alikosa sauti, na sikuwahi kuliona hilo.

"Na mkitafuta mtu wa kulinda bei yenu," Mwalimu akamalizia, "mchagueni huyu." Akanielekezea mkono. "Anasema ukweli hata unapouma. Mimi ni shahidi."

Wakapiga makofi. Walinipigia makofi, ndugu zangu! Nikasimama nikayapokea, nikiwa kama mtu aliyepewa kichanga kisicho chake akaambiwa atabasamu apigwe picha.

"DADA!" Tarumbeta akapata tena sauti. "Kuanzia leo wewe ni mlinzi wa bei! Mvunja bei akipatikana, wewe ndiye utakayethibitisha!"

Tulipokuwa tunatoka, Mwalimu alinishika bega. Akasema wanafunzi wake wachache waliobaki anawaleta kwangu. "Nakujua," akaniambia. "Hutawapunja."

Nyumbani nilimweleza mume wangu kila kitu. Tulikuwa mezani. Hakunifokea. Aliangalia chakula, akaniangalia mimi, akauliza, "Hiki tunachokula ni cha nani?"

Akaisukuma sahani. Nilitamani anifokee.

Sasa mtauliza, kwa nini sikukimbia kwa Mwalimu siku ileile? Nilikuwa nakwenda kila siku, kwa mawazo. Naamka nimeshapanga maneno. Nikifika kwenye kupiga mswaki maneno yamepungua, na kwenye kufunga vifungo vya gauni yameisha. Halafu wanafunzi wanaanza kugonga mlango, tena na wale wa Mwalimu wamo, wameshika mayai yao yasiyoonekana.

Aliyekuja kugonga asubuhi moja hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mke wa Mwalimu.

Mama huyu ni muuguzi mstaafu. Ndiye aliyenikata kucha kabla ya kila somo nilipokuwa mdogo. Hakukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimempeleka mume wangu kwa daktari wa masikio."

Nikafunga kifuniko cha piano.

"Nilimvuta kama mtoto, hakutaka. Nimefanya kazi hospitali maisha yangu yote, nikaona siwezi kukaa na kiziwi anayenisikia nikifunua sufuria jikoni. Daktari amempima kila namna. Unajua amesema nini?"

"Hapana, mama."

"Amesema angekuwa na uwezo angeyaazima yale masikio." Hakutabasamu. "Nikafurahi. Nikamwambia mume wangu, umesikia? Akaniambia, 'Daktari anapima kelele, hapimi muziki. Aliyenipima muziki ni binti yetu, na hawezi kunidanganya.'"

Akanitazama. Macho ya muuguzi ni mabaya. Yanakuangalia pale unapoumwa.

"Leo wanakuja kuibeba piano yake. Ameiuza bei ya kutupa, anasema hataki kuiona. Niambie, binti yangu. Siku ile ulipima nini?"

Nikamwambia. Nilianza na nusu bei, nikapitia mikono ya mapacha, nikamaliza na la. Nililia katikati, akasubiri niache kulia, akasema, "Endelea." Nilipomaliza nilikuwa nimekaa sakafuni bila kujua nimefikaje.

Nilingoja kofi. Nililitaka.

"Vaa viatu," akasema.

Alitangulia, mimi nyuma, kama alivyokuwa akinirudisha nyumbani zamani giza likiingia. Mume wangu alitufuata mpaka kona, akasimama pale na mkono wake kwenye kitambaa.

Tulipofika, mlango ulikuwa wazi. Wapagazi wawili wameegemea ukuta, kamba mabegani. Ndani, piano ilikuwa imeshasogezwa katikati ya chumba. Ukutani ilipokuwa imekaa miaka yote palionekana rangi mpya, kama ngozi chini ya bandeji. Mwalimu alikuwa ameinama anaipangusa kwa shati lake kuukuu.

"Mwanangu!" Uso wake ulifunguka. "Umekuja kuiaga? Njoo."

"Mwalimu, nina neno. Naomba nikuambie kabla hawajaibeba."

"Ngoja kwanza umsalimie mnunuzi. Mnafahamiana."

Kutoka jikoni, na glasi ya maji mkononi, akatokea Mama Pacha.

"Hee! Mwalimu wangu!" akapiga kelele ya furaha. "Umekuja kuniona navyojikamua? Basi piano hii ni kazi ya mikono yako!"

"Mama Pacha, tafadhali..."

"Si kweli? Zile ulizonipunguzia kwa watoto wawili nimeziweka akiba, nikajazia kidogo, leo nanunua piano! Nusu bei yako imenitoa kimasomaso, Mungu akubariki!"

Mke wa Mwalimu akafumba macho.

Mwalimu akaacha kupangusa. "Nusu bei?"

"Nusu bei!" Mama Pacha akaona uso wangu, kisha akaona wa Mwalimu. "Aa, siri ya nini tena? Mwalimu si umeshastaafu? Haikuumizi tena."

"Tangu lini?" Mwalimu akauliza. Aliniuliza mimi.

"Tangu mwanzo," nikasema. "Tangu mapacha walipotoka kwako. Na wenzao wote."

"Kwa hiyo walinikimbia kwa sababu ya bei."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Watoto walilia kweli kukuacha," Mama Pacha akadakia, sasa sauti imeshuka. "Mimi ndiye niliyewavuta. Ufundishaji wako hauna kasoro, Mwalimu. Ila nusu ni nusu."

Na jambo ambalo sitalisahau ni kwamba Mwalimu alitabasamu. Mara moja tu, kama taa iliyowashwa ikakatika. Kumbe hakuwa amefundisha vibaya! Mtu alikuwa amekonda kwa kudhani amewaharibu watoto wa watu, na sasa ameambiwa hapana. Aliifurahia ile habari kabla haijamgeukia.

Kisha ikamgeukia. Niliona inavyofika.

Alikaa kwenye kiti cha piano. Akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza.

"Hii," akasema. "Siku ile niliita la. Ukaniambia ni so."

"Ilikuwa la."

"Na ya pili?"

"Ulipatia. Ulipatia zote, Mwalimu. Hukukosea hata moja."

Mama Pacha aliweka glasi chini bila sauti. Wapagazi walikuwa wameacha kuegemea ukuta.

Nilipiga magoti. Nikasema yale maneno yote niliyokuwa nayapanga asubuhi na kuyapoteza kwenye vifungo vya gauni. Nilimwambia niliogopa. Nilimtajia mkono wa mume wangu, kisha nikaona aibu kuusingizia mkono usio na kosa, nikaacha. Nikasema, "Nisamehe, Mwalimu."

Alikuwa anabonyeza noti moja moja, kutoka chini kwenda juu, na baada ya kila noti anangoja, midomo ikitamka jina lake bila sauti. Alikuwa anajipima upya. Mkewe akaenda akasimama nyuma yake, akaweka mikono mabegani mwake.

Alipofika katikati ya piano, simu yangu ikaita.

Nilitaka kuizima, kidole kikakosea, nikaipokea. Nanyi mnajua kwamba yule mtu akipiga simu hakuna haja ya spika.

"MLINZI WA BEI!" Sauti ya Tarumbeta ikajaa chumba kizima. "TUMEMKAMATA!"

"Nani?"

"Binti wa Gitaa! Kuna mzazi karopoka kuwa analipa nusu kwa mwalimu mwanamke. Nikapiga hesabu. Wanawake mko wawili tu, na wewe ndiye mlinzi! Tupo naye hapa darasani. Analia, anakana, anaapa kwa mama yake. Nimeshamwambia chama hakimtaki, na wazazi wa wanafunzi wake wanapigiwa simu sasa hivi!"

Nyuma ya sauti yake nilimsikia msichana akisema, "Muulizeni dada! Muulizeni yeye, anajua mimi siyo!"

"Bado wewe tu uthibitishe," Tarumbeta akasema. "Sema neno moja tuimalize. Dada? Dada, unanisikia?"

Piano ilikuwa imenyamaza. Mwalimu aligeuza kiti chake taratibu mpaka akanielekea uso kwa uso, mikono magotini.

"Mjibu," akasema. "Hapa sote tunasikia."